Sefu Ndogo ya Namba za Siri: Tathmini ya Mama Anayeibiwa na Mwanawe

Muuzaji aliponiuliza nataka sefu ya kuhifadhia nini, nilimjibu kwamba ni vyeti na hati. Sikumwambia kwamba mwizi ninayemkimbia ana ufunguo wa mlango wa mbele, ananiita mama, na ana umri wa miaka 31. Ninaandika haya baada ya miezi minane ya kuitumia, kwa kuwa wengi wanaovitathmini vifaa hivi humfikiria mvunjaji anayetoka nje usiku, si mtu wa ndani mwenye muda wa kutosha na anayejua saa ninazokwenda kuoga.

Kabla ya hapo nilikuwa nikizihamisha fedha: leo chini ya godoro, kesho ndani ya mfuko wa koti, keshokutwa katikati ya mashuka. Zote alizipata. Lililoniumiza zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilisahau baadhi ya maficho yangu, nikamtuhumu mara mbili kwa fedha ambazo baadaye nilizikuta palepale nilipoziweka, na tangu hapo kila nilipomkamata kwa kosa la kweli alinikumbusha lile la kusingiziwa.

Sefu yenyewe ni kasha la chuma lenye vitufe vya namba, kitasa cha kuzungusha, betri nne ndogo na funguo mbili za dharura. Mtu mwenye nguvu anaweza kuibeba kwapani akaenda kuifungulia kwingine, kwa hiyo anayeinunua na kuiacha tu kabatini amemrahisishia mwizi kazi, maana amemkusanyia kila kitu mahali pamoja. Ina matundu nyuma na chini ya kupitishia bolti, na fundi aliifunga ukutani katika muda usiozidi saa moja. Bila bolti hizo nisingeipa hata nyota moja.

Siku ya tatu ilifunguliwa bila kuvunjwa. Sefu za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na namba ya kuanzia iliyochapishwa katika kijitabu cha maelekezo, na baadhi yake zina namba ya pili, ya msimamizi, ambayo huendelea kufanya kazi hata baada ya mwenye sefu kuweka namba yake mwenyewe. Mimi niliibadilisha ile ya kwanza, nikaisahau ya pili, na kijitabu nikakiacha kwenye droo. Lawama ni yangu, ingawa mtengenezaji naye ana fungu lake kwa kuliweka onyo muhimu kama hilo katika ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo mno. Namba mpya, kwa vyovyote vile, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Funguo za dharura nazo zisifungiwe ndani ya sefu, kwa sababu siku betri zitakapokwisha utabaki nje pamoja na mwizi. Zangu zote mbili anazo mdogo wangu, nyumbani kwake.

Mwanangu alipoiona imefungwa ukutani aliniuliza, "Mama, hiki chuma umekiweka kwa ajili yangu?" Nilikuwa nimejiandalia uongo kuhusu wezi wa mtaani, lakini nilimjibu, "Ndiyo, mwanangu, ni kwa ajili yako." Hakuniomba radhi siku hiyo, wala sitadai hapa kwamba chuma kilimbadilisha. Anacheza kamari kwenye simu, na sefu haitibu kamari. Kwa upande huo nimesaidika zaidi na ushauri wa Gam-Anon, vikundi vya jamaa za wacheza kamari, ambao ni mkali lakini unaeleweka: usimkopeshe mchezaji fedha, wala usimlipie madeni yake. Nilikuwa nimeyalipa mengi, nikiamini kila moja ni la mwisho.

Mnunuzi ajue pia kwamba sefu hulinda kile tu kinachoingia ndani yake. Wiki chache baada ya kuifunga, mwanangu aliichukua simu yangu nikiwa usingizini, akahamisha fedha kwa namba ya siri aliyokuwa amenichungulia nikiibonyeza. Nililazimika kubadilisha namba zote, kuomba nijulishwe kwa ujumbe kila fedha zinapotoka benki, na kuuliza kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina langu. Hayo yote ningeyafanya kabla ya kununua chuma, si baada yake.

Hata hivyo sijutii, na sababu si fedha zilizookolewa. Ndani ya sefu nimeweka daftari ninamoandika kila kinachoingia na kutoka, na tangu hapo sijamtuhumu mwanangu kwa jambo asilolifanya. Anapohitaji kitu huja kuniomba, nami humjibu ndiyo au hapana tukiwa tunatazamana. Mara nyingi ni hapana. Ni mazungumzo magumu, lakini si kama yale ya zamani, yaliyoanza kwa mimi kupekua mifuko ya suruali zake.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya kijitabu na kwa sababu ya mlio wa vitufe, ambao ni mkubwa kiasi kwamba nyumba nzima hujua ninapoifungua. Mwanangu akiusikia hupaza sauti kutoka chumbani kwake: "Mama, mimi niko huku." Nilimuuliza fundi kama mlio huo unaweza kuzimwa, akasema kwa sefu hii hauzimiki.