TAHADHARI: Mbao za kijani "za dawa" zinazouzwa kando ya barabara hapa Tororo, Uganda

Ndugu wafugaji, hasa mnaotaka kumaliza banda la kuku kabla ya mvua za Machi, someni hii kabla hamjatoa hela.

Nilinunua nguzo kumi na mbili na mbao za 4 kwa 2 kwa jamaa mmoja kwenye barabara ya kwenda Malaba. Aliniapia kwamba zimetoka kiwandani, zimeshindiliwa dawa kwa mashine, mchwa hawatazigusa miaka ishirini. Kijani chake kilivutia kweli. Nikalipa karibu mara mbili ya bei ya mbao za kawaida.

Mvua ya kwanza tu, maji ya kijani yakachuruzika ukutani mpaka kwenye maranda wanayolalia kuku. Mwezi wa nne nikaona udongo wa mchwa umepanda nguzo ya mlangoni. Nikaisukuma kwa bega, ikakatikia pale inapoingia ardhini. Nilipopasua kipande kwa msumeno, kijani kiliishia unene wa kucha. Ndani ni mkaratusi mtupu, kalitunsi ileile ya shambani. Alikuwa amepaka rangi kwa brashi!

Dawa ya kweli haipakwi. Mbao iliyokauka huingizwa kwenye tangi, hewa ikafyonzwa, halafu dawa ikasukumwa ndani kwa nguvu. Kwenye nguzo ya mkaratusi utaona pete ya kijani nene kuzunguka moyo wa mti. Moyo wenyewe haunywi dawa, kwa hiyo ukiwa hauna kijani usishtuke. Lakini msikubali kuangalia ncha tu, maana ncha hunywa chochote kinachopakwa. Mwambieni akate katikati ya nguzo mbele yenu. Mimi nilipoomba, akasema nitamharibia mali na tuktuk inasubiri. Hapo ndipo ningeondoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliniambia vumbi la msumeno nilitandike bandani. Hata kama mbao zingekuwa halali, dawa hii ya kijani mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Kuku hudonoa kila kitu. Kusanyeni vumbi lote, na vipande visiende jikoni, kwa sababu sumu hubaki kwenye moshi na majivu. Marekani waliacha kutengeneza mbao za aseniki kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003.

Na rangi ya kahawia niliyopaka juu ilibanduka ndani ya wiki mbili, mbao zilikuwa bado mbichi. Mwagieni matone ya maji kwanza: yakisimama juu, ngojeni, yakinywewa, pakeni.

Nilirudi kudai hela, akasema mchwa ni wa shamba langu. Risiti yake haina jina la kiwanda wala namba ya simu. Jana nimepita pale, ameshusha lori jingine la kijani.