Picha zetu za kabla ya harusi Ziwa Ngosi: tulipanda mara mbili

Nimepiga picha na mchumba wangu juu ya Ziwa Ngosi, Mbeya, mwezi Agosti, na zimetoka kama nilivyoziota. Lakini kuzipata kulitugharimu kupanda mlima mara mbili na kulipa wapigapicha wawili. Wa kwanza alituachia picha za ukungu. Wa pili ni kijana mwenye studio ndogo hapo Mbeya mjini, na ndiye ninayetaka kumwelezea. Kwa jinsi alivyopanga kazi yake, ningemjua mapema nisingepoteza hata shilingi.

Kwa asiyelijua, Ngosi ni ziwa lililolala ndani ya mdomo wa volkano, kwenye safu ya Uporoto. Ukipita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu hulioni. Utaona mashamba ya viazi, pareto, na mlima uliovaa msitu. Unashukia Isongole, unachukua bodaboda au gari kwa barabara ya vumbi mpaka msitu unapoanzia, kisha ni miguu yako. Kilele cha ukingo kinafika mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, na maji yako chini sana, kama mita 2,060. Maana yake, ukifika juu husimami kando ya ziwa. Unasimama kwenye kuta zake, unalitazama likiwa chini ya miguu yako, kijani kibichi, limezungukwa na miti pande zote. Sijaona mahali pengine nchini penye mandhari ya namna ile.

Sasa mpigapicha wa kwanza. Nilimpata mtandaoni, kazi zake za ufukweni zilikuwa nzuri mno. Akatuambia lazima tuwe juu alfajiri, jua linapochomoza, kwa kuwa mwanga wa saa hiyo ni laini na ndio unaopendeza usoni. Tukaamini, maana kila anayejua kamera husema hivyo. Tukaondoka mjini usiku, tukapanda kwa tochi za simu, gauni langu likiwa kwenye mfuko mgongoni kwa wifi yangu. Tulipofika juu, kreta yote ilikuwa imejaa wingu. Tukakaa. Saa moja, saa mbili, hakuna kitu. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, kwa sababu jasho la kupanda lilinikaukia mwilini na Uporoto asubuhi ya Agosti ni baridi ya kweli. Saa mbili na nusu akasema muda tuliolipia umekwisha, ana kazi nyingine mchana. Akafunga begi. Nilipomuuliza kuhusu siku nyingine, akanionyesha kwenye ujumbe wetu: malipo ya awali hayarudi, na kila siku ni mkataba mpya. Ni kweli niliandika "sawa". Sikumwuliza kama amewahi kufika Ngosi. Hakuwahi.

Niliporudi Tukuyu kwa mama mdogo nililia. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa yule kijana wa studio, kwa sababu alimpigia picha za send-off ya binti wa jirani yake.

Kitu cha kwanza kijana huyu alichofanya ni kunikatalia tarehe. Nilitaka Jumamosi inayofuata. Akasema, "Dada, hiyo siku tutaiweka, lakini na Jumapili uiweke. Ikiwa Jumamosi kumefunga, tunapanda Jumapili bila nyongeza. Ikifunga siku zote mbili, unachagua tarehe nyingine kabla mvua hazijaanza, unanilipa nauli tu." Akaliandika hilo kwenye karatasi, tukasaini. Kifurushi chake kilikuwa shilingi 480,000, picha 60 zilizosafishwa, nguo mbili, yeye na msaidizi mmoja. Yule wa kwanza alichukua 350,000. Wakati ule niliona huyu ni ghali. Sasa najua ile tofauti ya 130,000 ilikuwa bei ya siku ya akiba, na kwa mlima kama ule, siku ya akiba ndiyo kazi yenyewe.

Kitu cha pili, nikamwambia habari za alfajiri, akatikisa kichwa. "Saa kumi na mbili pale juu hakuna ziwa, kuna maziwa." Akanieleza taratibu. Kwanza, ukungu wa usiku unakaa ndani ya kreta kama uji kwenye bakuli, unahitaji jua liupashe ndipo uinuke. Pili, hata asubuhi isiyo na ukungu, kuta zile ni ndefu, kwa hiyo maji yanabaki kivulini muda mrefu baada ya jua kutoka. Ziwa lililo kivulini linatoka jeusi kwenye picha. Ile rangi ya kijani inaamka jua likishapanda. Kwa hiyo yeye hupenda kufika ukingoni saa nne, kusubiri, na kupiga kati ya saa tano na saa saba.

Nilimwuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua: jua la saa sita si linaharibu sura? Macho yanakuwa mashimo, paji la uso linang'aa. Akasema ndiyo, ndiyo maana hatatuweka juani. Tutasimama chini ya matawi ukingoni, ziwa nyuma yetu ndilo litakalopigwa na jua, na msaidizi atasimama kwenye upenyo wenye mwanga akiturudishia kwa reflekta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kwa macho yangu naona sehemu hiyo ndiyo inayotenganisha picha zetu na zile za watu wanaojipiga wenyewe pale, ambapo ama wao wako giza ama ziwa limekuwa jeupe.

Siku yenyewe, Jumamosi, tulilipia kiingilio cha msitu kwa kontrol namba kupitia simu, tukachukua kiongozi, mzee mmoja wa pale kijijini. Tulimwamkia shikamoo, akatupokea kama watoto wake. Njiani alituonyesha migomba pori na kinyonga mwenye pembe tatu usoni, ambaye makazi yake ni milima hii ya Uporoto na Rungwe. Mchumba wangu, mtu wa Moshi, alikuwa akisema milima anaijua. Kwenye ule mwinuko wa mwisho alinyamaza. Unashika mizizi kwa mikono. Tulitumia saa moja na dakika arobaini kwa sababu ya mizigo. Mzee alisema bila mizigo ni saa moja na kidogo.

Kabla hatujafika juu, mzee alitusimamisha. "Wanangu, pale hatupigi kelele wala hatutupi vitu. Hili ni ziwa la wazee." Watu wa huko hulichukulia ziwa lile kuwa na nguvu, waganga huchota dawa kule. Mpigapicha alikuwa ameshatuambia hilo tangu studio, na alitutaka tuje na nguo za heshima kwa picha zote za ukingoni. Nilimpenda kwa hilo. Mama yangu naye alikuwa na sharti lake: hakuna picha za kukumbatiana mpaka mahari ipokelewe, na ilipokelewa Julai. Kijana aliliuliza mwenyewe, bila kuona haya: "Nyumbani wanaruhusu nini?" Akapanga mikao kufuatana na jibu langu.

Tulikaa saa nzima na nusu tukitazama weupe mtupu. Moyo wangu ulianza kushuka tena. Wifi akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Saa sita kasoro kumi mzee akasema, "Linafunguka." Wingu likapanda upande mmoja kama pazia, na maji yakatokea chini kabisa. Mchumba wangu alinishika mkono wala hakusema neno. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, tumegeuka wote wawili, hakuna anayeitazama kamera. Ziwa lilikaa wazi dakika kama ishirini na tano, likafunga, likafunguka tena saa saba.

Kuhusu mavazi, nisikilizeni dada zangu. Kijani msivae. Msitu ni kijani, ziwa ni kijani, utapotea. Nilivaa gauni la njano iliyokolea, yeye shati jeupe na suruali ya kaki, halafu tukabadilisha tukavaa kitenge cha sare chenye rangi ya matofali. Mnapanda na gambuti au viatu vya kushika ardhi, viatu vya picha vinakaa kwenye begi. Kubadilishia ni nyuma ya khanga mbili zilizoshikwa na wifi. Nywele suka, wigi la kunyooka litalowa na unyevu. Mekapu ifanyike juu, baada ya jasho kukauka. Na gauni refu la kuburuza liacheni nyumbani, kwa sababu ukingo ni mwembamba na nyuma yako ni genge. Kijana alituwekea mstari wa fimbo ardhini na kusema hakuna picha inayovuka pale.

Yapo pia ambayo sikuyapenda. Alituahidi picha baada ya wiki mbili, zikaja baada ya wiki tatu na siku mbili, na kadi za mwaliko zilichelewa kuchapwa. Na toleo la kwanza alilonitumia lilikuwa limening'arisha uso mpaka nikafanana na mtu mwingine. Nilimpigia simu nikamwambia, kaka, mimi ni mweusi na bwana harusi anajua, nirudishie rangi yangu. Hakubisha. Siku mbili baadaye zilirudi zote 60, ngozi yangu ni yangu na kijani cha ziwa ni kile nilichokiona. Nashauri mliseme hilo mapema, kabla hajaketi kwenye kompyuta.

Droni hakuwa nayo, na nilipomuuliza alisema kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hataki kuingia kwenye matatizo kwa ajili ya picha moja. Nilikubaliana naye.

Jumla yetu, ukiacha ile pesa ya mwanzo iliyopotea, ilifika kama 610,000 pamoja na bodaboda, kiongozi, kiingilio na chakula cha mchana Isongole, viazi vya kukaanga na nyama ambavyo tulivila kimya kimya kwa njaa. Kama una mzazi au bibi harusi mwenye ujauzito au tatizo la magoti, usiwapandishe. Na kama tarehe yenu iko kati ya Desemba na Aprili, tafuteni mahali pengine. Rungwe mvua zake hazina huruma na ile njia huwa utelezi mtupu.

Mama mdogo ameshaomba picha ile ya tuliogeuka, kubwa, ya kuweka ukutani sebuleni. Tuliposhuka, nilimshukuru mzee kwa Kinyakyusa nilichofundishwa na bibi yangu, ndaga fijo, akacheka, akauliza harusi ni lini. Tumempelekea kadi.