Duka la gemu la Barabara ya Moi: diski zipo, bei hazionekani

Duka hili dogo la Barabara ya Moi lina diski nyingi za PlayStation 5 na muuzaji mcheshi, lakini bei hazijaandikwa popote, na mteja hutajiwa kiasi baada ya kutazamwa kuanzia viatu hadi simu. Diski niliyouziwa kama mpya ilikuwa na mikwaruzo ukingoni, na nailoni yake ilikuwa imefungwa upya kwa gundi. Nilipoirudisha nilibadilishiwa bila ubishi, na kwa hilo nawapongeza.

Lawama nyingine si za muuzaji. Mwaka 2020 kampuni kubwa zilianza kupandisha bei ya gemu mpya kutoka dola 60 hadi 70, ilhali baadhi ya gemu za diski hazichezeki ipasavyo mpaka upakue masasisho ya gigabaiti kadhaa, na kwa anayetegemea bando hiyo ni bei ya pili. Wanaodai kuwa diski zimepitwa na wakati husahau kwamba gemu ya kupakua huwezi kuiuza tena wala kumwazima jirani.

Kabla ya kulipa, ulizia pia diski ni ya soko gani, kwani nyongeza za gemu (kama hatua au wahusika wapya) zinazonunuliwa mtandaoni kwa akaunti ya PlayStation ya Marekani kwa kawaida hazikubaliani na diski ya Ulaya.