Autoruns imeniokolea kompyuta niliyokuwa nataka kuitupa

Nilikuwa nikiiwasha kompyuta ya nyumbani, naenda kukunja nguo, narudi nakuta kile kiduara bado kinazunguka. Dakika nne mpaka nifungue faili moja! Watu wakanishauri ninunue nyingine. Nashukuru sikuwasikiliza.

Nilianza na Task Manager, programu ya Windows yenyewe inayoonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta, kwenye ile sehemu ya programu zinazojiwasha iliyokuja na Windows 8. Inasaidia sana. Kila programu imeandikiwa mzigo wake, na ile ya mzigo mkubwa ni inayokula zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au zaidi ya megabaiti 3 za diski wakati wa kuwaka. Nilizima tano, muda ukashuka hadi dakika mbili na nusu. Ila programu ya printa, printa yenyewe nilishaigawa zamani, iliendelea kuchomoza kila asubuhi ikidai wino, na kwenye orodha ile haikuwemo kabisa.

Ndipo nikapakua Autoruns, programu inayoorodhesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows. Ni ya bure, kazi ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Haihitaji kusakinishwa: unafungua zipu, unaiendesha kama msimamizi, basi. Mara ya kwanza inatisha, mistari ni mingi mno. Nenda kwenye menyu ya Options ufiche vitu vya Microsoft, utapumua. Mimi nilipofanya hivyo nikaiona printa yangu: ilijibanza kwenye kazi za ratiba, imepangwa iamke kila ninapoingia. Mstari wake ulikuwa wa kawaida. Chini yake kulikuwa na mitatu ya njano, yaani mabaki yanayotafuta faili ambazo hazipo tena.

Nikatoa tiki kwenye mstari wa printa. Sikufuta, na hapa naomba mnisikilize: tiki unairudisha ukitaka, ukifuta umefuta. Draiva nazo, yaani programu zinazoiunganisha Windows na vifaa, usiziguse kwa kubahatisha, Windows inaweza kugoma kuwaka.

Kasoro ya Autoruns ni kwamba haikuonyeshi kipi kinachelewesha zaidi, kwa hiyo Task Manager bado naihitaji.

Sasa inawaka kwa sekunde hamsini. Orodha safi nimeihifadhi, na kila nikisakinisha kitu nailinganisha. Vilivyoongezeka vinatokea kwa kijani. Wiki iliyopita programu ya video ilijipachika mistari miwili bila kuniuliza. Nimeitoa tiki yote miwili.