Foldscope kwa kuvu wa baharini: hadubini ya karatasi inafaa kwa kiasi gani?

Hadubini ya Foldscope hupendwa na walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi bawa la nzi au ngozi ya kitunguu. Mimi niliitafutia kazi ngumu kidogo kuliko hiyo, yaani kuwatazama kuvu wanaoozesha magogo na majani ya mikoko ndani ya maji ya chumvi, na tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake.

Kifaa chenyewe ni karatasi ngumu isiyolowa upesi, ambayo mnunuzi huikunja mwenyewe kisha kuipachika lenzi ndogo sana ya duara. Kilibuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2014. Lenzi yake ya kawaida hukuza mara 140 na huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikroni 2 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ile dola 1 inayotajwa kila mahali ni gharama ya malighafi, si bei ya dukani, na anayeagiza kutoka nje ahesabu pia nauli ya mzigo.

Kwa kuvu, mikroni 2 zinatosha, ila kwa shida. Nyuzi zao nyingi zina unene wa mikroni 2 hadi 10, kwa hiyo huonekana, lakini bakteria wanaoshirikiana nao katika kuoza huku hubaki vivuli visivyotambulika. Mtazamaji asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba kuvu wanafanya kazi yote peke yao.

Mbao ndiyo iliyonipa matokeo bora. Watafiti Elso Barghoorn na David Linder walikwisha kuonyesha mwaka 1944 kwamba wako kuvu ambao maisha yao hasa ni ya baharini, wanaokua juu ya mbao zilizozama. Nyuzi zao hupenya ndani ya kuta za seli za mti, hutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi, na kuacha vitundu vinavyoulainisha uso wa gogo hadi ukucha unaweza kuukwangua. Nilichukua kipande cha gogo la mkoko lililokaa majini muda mrefu, nikakifunga katika mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu, na baada ya wiki kadhaa vikatokea vidoa vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini. Ukikipasua kimoja kwa sindano ndani ya tone la maji ya bahari (si maji ya bomba), spora (chembe za uzazi za kuvu) humwagika, na baadhi yake zina vijimkia vinavyozisaidia kuelea na kunasa kwenye mbao nyingine. Kwa kazi hii sina lawama yoyote kwa Foldscope.

Povu la ufukweni nalo halihitaji hata kusubiri. Likichotwa kwa kijiko na kuachwa litulie ndani ya chupa, huwa na spora za kuvu kama Corollospora maritima, ambaye huzaa matunda yake juu ya chembe za mchanga na vipande vya makombe. Spora hizo zina urefu wa makumi ya mikroni na miiba yake huonekana vizuri.

Kwenye majani kifaa kinashindwa. Jani la mkoko ni nene, mwanga haulipenyi, na kulichana ngozi nyembamba kunataka wembe mkali na subira. Isitoshe, viumbe wadogo waitwao Halophytophthora, ambao ni miongoni mwa wa mwanzo kulivamia jani lililotoka kuanguka majini, si kuvu halisi ingawa wana nyuzi zinazofanana na za kuvu, na kwa ukuzaji huu sikuweza kuwatofautisha kwa uhakika. Yale yanayotendeka kilindini hayawahusu kabisa wanunuzi wa kifaa hiki: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba katika chembe za mabaki zinazozama kwenye vilindi vya giza, kuvu na viumbe wadogo waitwao labirinthulomiseti ndio wenye uzito mkubwa kwa jumla kuliko vijidudu wengine, lakini kuliona hilo kulihitaji rangi za kung'aa na hadubini za maabara.

Kukilenga kitu kwa vidole gumba kunachosha macho, na ni afadhali kukibandika kifaa kwenye simu kwa sumaku yake, kwani picha hutulia na watu kadhaa huona pamoja. Chumvi ikikaukia kwenye lenzi huacha ukungu, hivyo uipanguse kwa kitambaa chenye maji safi mara tu unapomaliza. Mwalimu wa sekondari aliye karibu na mikoko akinunue, pamoja na pakiti ya vioo vya kuwekea sampuli, sindano na wembe. Mwanafunzi wa chuo anayetaka kutambua spishi kwa majina aweke akiba yake kwa hadubini ya kukuza mara 400.