Kiyoyozi cha nyumbani Dar: kipi ununue, na fundi umuulize nini

Joto la Januari likipamba moto, watu hukimbilia dukani na kurudi na boksi lolote. Tulia kwanza. Kiyoyozi kizuri kikifungwa ovyo ni hasara tupu.

Namba moja kwangu ni spliti, yaani ile ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, ya inverta. Chumba kikishapoa, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka kila mara, kwa hiyo uniti za LUKU haziyeyuki. Chumba cha mita tatu kwa nne kinatoshwa na BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza); kikipigwa na jua la jioni, chukua 12,000.

Ya pili ni spliti ya kawaida. Bei yake ni nafuu, na kwa chumba cha kutumia saa chache inafaa kabisa. Ila ya gesi ya R22 iache hata ukipunguziwa, maana gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal. Tafuta R32 au R410A.

Ya dirishani inapiga kelele, lakini mpangaji anayehama hama itamfaa. Ya magurudumu naiweka mwisho. Na zile feni za maji zisikudanganye: hewa ya pwani imeshajaa unyevu, wewe unaiongezea mwingine.

Sasa fundi. Wangu alilaza bomba la kutoa maji ya kiyoyozi bila mteremko. Wiki mbili baadaye nikasogeza kabati, nikakuta rangi ya ukuta imevimba kama andazi na nguo zinanuka ukungu. Tena hakuwa na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba ya shaba. Alifungulia gesi kidogo ipulize hewa nje, basi. Kila baada ya miezi michache akawa ananiambia gesi imeisha, nami nalipa.

Jamani, gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye nati za maungio. Mwambie apake povu la sabuni mbele yako. Palipovuja patatoa mapovu. Pazibwe kwanza, ndipo ajaze.

Kabla hujamlipa, muulize kama ana pampu, na kama atakiwekea kiyoyozi breka ya umeme ya peke yake. Ukikaa karibu na bahari, kagua vyuma vinavyobeba kompresa nje, chumvi huvila kimya kimya. Machujio yaoshe mwenyewe kila wiki mbili kwa maji ya bomba, yakauke kivulini, kisha uyarudishe.