Changu wa dema na wa mshipi: jaribio la t lipi?

Tuseme unataka kujua kama samaki aina ya changu waliovuliwa kwa mshipi hapa Lamu ni wazito kuliko walionaswa kwa dema (mtego wa samaki). Utatumia jaribio la t, hesabu ya kupima kama tofauti ya wastani wa makundi mawili ni ya kweli au ya bahati tu; lina namna mbili. Jaribio la Student (jina la kalamu la William Gosset, 1908) huchukulia kwamba uzito wa makundi yote mawili umetawanyika sawa, kwa hiyo huchanganya varianti zao (vipimo vya mtawanyiko) kuwa moja. Digrii za uhuru (zikiwa chache, jaribio hudai ushahidi mkubwa zaidi) ni n1 + n2 − 2, yaani idadi ya samaki wote kutoa mbili. Hata kwa kalamu na karatasi hesabu inakwenda.

Jaribio la mwanatakwimu Welch (1947) halichanganyi. Kila kundi na varianti yake.

Sasa tia namba. Dema: samaki 20, mkengeuko sanifu (kipeo cha pili cha varianti) kilo 0.1. Mshipi: samaki 5 tu, kilo 0.4. Kwa Student, kosa sanifu la tofauti ya wastani (kadiri inavyoweza kuyumba kwa bahati) ni kama 0.095, digrii 23. Kwa Welch, 0.18, digrii 4 hivi. Pengo si dogo! Student atatangaza tofauti mapema mno, maana kundi kubwa lililotulia limelimeza dogo lenye fujo. Idadi zikilingana, makosa sanifu hutoka sawasawa, zikabaki kutofautiana digrii tu.

Mimi huanza na Welch. Student namwachia samaki wa dema moja waliogawanywa kwa kura, maana hapo mtawanyiko hutarajiwa kuwa sawa.